Kadi ya Mama

Mount Druitt, Sydney
12 Machi 2006

Yaya Emérance, dada yangu,

Nyumba hii nzima inakusalimu, wewe, Ornella na Mama. Sisi wazima. Wifi yako Diane bado anawatunza wazee katika kituo chao, mgongo unamuuma lakini hasemi. Armel ameingia darasa la pili. Ukimwita kwa Kiswahili anakuja, ila akifika anakujibu kwa Kiingereza, na bibi yake akimsikia atadhani tumeokota mtoto wa watu. Mimi niko kulekule ghalani, napanga maboksi. Kifua cha Mama kinaendeleaje? Na macho?

Sasa kaa chini ndipo uendelee kusoma. Yaya, mmekubaliwa.

Unakumbuka zile fomu za viza nilizowapelekea wakubwa wa hapa mwaka jana, kuwaombea nyinyi watatu? Nilikuwa nimeshaanza kukata tamaa. Alhamisi ikaja bahasha nzuri, jina langu limechapwa kwa mashine. Kiingereza changu unakijua kinavyochechemea, lakini Kifaransa cha shule ya kwetu Baraka hakijanitupa. Juu kabisa, kwa herufi nene, wameandika: pre-approved. Approved ni approuvé, yaani kukubaliwa. Pre ni kabla. Mmekubaliwa kabla hata ya mahojiano. Wanasema ni kwa ajili ya mwenendo wangu mzuri. Halafu chini wanasema naweza kumwongeza mtu wa familia naye apate kadi yake, bila malipo.

Nafasi ilikuwa ya mtu mmoja tu, lakini hilo halikunisumbua. Hata huko kambini kadi ya chakula huwa na jina la mkuu wa familia, na wengine wote wanakula humo. Nikamwandika Mama, Wabiwa Léocadie, na ile tarehe ya kuzaliwa aliyopewa na karani siku tunaingia Lugufu. Walipouliza anakaa wapi, nikaandika hapa kwangu, maana ndiko atakakokaa.

Kuna Ogutu, Mkenya tunayesali naye, ambaye naye anamwombea mama yake. Yuko hapa miaka mingi kuliko mimi na hajapata barua kama hii hata moja. Nilimpa pole. Nikamwambia huenda faili lake limekwama.

Kwa hiyo meli ya kurudi Kongo msipande. Futeni majina. Ukishapanda meli ile si mkimbizi tena, na maombi yote yanaanguka.

Mdogo wako,
Akilimali


Lugufu, Kigoma
30 Aprili 2006

Mdogo wangu Akilimali,

Barua yako ililala parokiani Kigoma mpaka padre alipopata gari la kuja huku. Tuko hai. Mvua imeangusha ukuta wa jiko, tunapika chini ya turubai. Kifua cha Mama kinakoroma, macho ndiyo yamekwisha kabisa, sasa anatujua kwa hatua zetu. Lakini siku niliyomsomea barua yako aliketi mwenyewe kitandani na kudai uji.

Nilisoma kwa sauti ya chini. Kesho yake mtaa mzima ulikuwa unajua. Wewe umeishi hapa, unajua neno kukubaliwa linavyokimbia. Déo, yule mwenye duka, mwezi uliopita aliniambia sukari ya mkopo imekwisha na gunia liko nyuma yake. Sasa anakuja mwenyewe mlangoni na sukari, sabuni, mafuta, vitu nisivyoviomba. "Mama Ornella, chukua tu, utanikumbuka ukifika Australia." Nimekuwa mtu wa kuamkiwa na watu wasionipenda. Kweli mkono mtupu haulambwi.

Majina nimeyafuta. Meli ya Mei itaondoka bila sisi. Karani aliniuliza mara mbili kama nina hakika, nikamwambia nina ndugu.

Lakini ujue nimeacha nini. Shamba la marehemu mume wangu liko kule Kongo, pale Mboko. Shemeji Gloire amerudi huko tangu Januari, na ametuma neno kwamba mvua za Oktoba zikinyesha sijafika, atalima yeye na litakuwa lake. Na Mama alitaka alazwe Mboko, kando ya Baba. Sasa anasema Baba amngoje kidogo, anakwenda kumwona Armel kwanza.

Nilikwenda kwenye ofisi ya wanaosafirishwa. Walitafuta, jina letu hawalioni. Nikawaambia karatasi ziko njiani. Ni hivyo?

Na nani alikusomea hiyo barua?

Dada yako,
Emérance


Mount Druitt
4 Juni 2006

Yaya,

Yako nimeipata na nimefurahi kuhusu uji. Baridi ya hapa imeanza, si ya theluji, ni ya kuingia kwenye magoti. Armel amepoteza meno mawili ya mbele.

Usiwasikilize hao wa ofisini. Lini waliwahi kujua kitu kabla ya watu? Tazama mwenyewe nilichokifunga ndani ya kikaratasi hiki. Kadi zimekuja mbili, yangu na ya Mama. Hiyo ni yake. Mwonyeshe, au tuseme mpe aipapase, maana jina lake limeinuka juu ya plastiki, hata asiyeona analipata kwa kidole. Nilipoliona nilikaa kwenye ngazi za nje nikalia kama mtoto. Miaka yote ile tulikuwa namba ya hema na namba ya kadi ya mahindi. Leo kuna mtu Sydney ameliandika jina la Mama bila kukosea hata herufi.

Itunze. Isilowe. Wakimwita kwa mahojiano, aende nayo.

Akilimali


Mount Druitt
2 Julai 2006

Yaya,

Salamu. Sijangoja jibu lako.

Ile kadi ya Mama naomba uirudishe upesi, kwa njia ileile ya padre. Kuna kosa la herufi, wanataka kuirekebisha. Usimpe mtu yeyote aishike wala aisome, hata wa ofisini. Hasa namba zile za mbele mtu asizinakili.

Mengine nitakuandikia. Msalimie Mama. Mwambie asihangaike.

Akilimali


Lugufu
20 Agosti 2006

Akilimali,

Tunakusalimu. Ornella amemaliza mitihani, amekuwa wa tatu. Ukuta wa jiko tumeusimamisha.

Barua zako mbili, ile ya furaha na ile ya haraka, padre alizileta pamoja. Mama alishaishika kadi kabla sijafungua ya pili. Alikipitisha kidole juu ya jina lake, taratibu, akarudia. Akasema, "Wameniandika mpaka nimevimba." Tangu siku hiyo inalala chini ya shavu lake. Nilipomwomba niitoe kidogo alinikamata mkono kwa nguvu nisizojua anazitoa wapi. Kifua si kizuri. Jerotich, muuguzi Mkenya wa zahanati, anakuja kumtazama kila jioni, na yeye ni mtu wa kusema kweli.

Unasema kuna kosa la herufi. Mimi nimesoma mpaka darasa la sita. Wabiwa ni Wabiwa, Léocadie ni Léocadie. Kosa liko wapi?

Vitu vya Déo nimeacha kuvipokea. Analeta, navirudisha, amekasirika. Anadhani nimeanza maringo ya Ulaya.

Sasa nisikilize. Kuna meli moja tu iliyobaki kabla mvua hazijakolea, ya mwisho wa Oktoba. Majina yanafungwa tarehe ishirini na tano Septemba. Mama akiwa na nguvu anaweza kubebwa. Gloire ameshatia jembe upande wa mtoni. Kwa hiyo sikuombi maelezo, nakuomba neno moja. Nijiandikishe au nisijiandikishe?

Padre amesema ukijibu upesi, atalileta jibu mwenyewe.

Emérance


Mount Druitt
10 Septemba 2006

Yaya mpendwa,

Mungu awape nguvu. Hongera kwa Ornella. Diane anakusalimu sana, analala sasa hivi, amekesha kazini.

Nina hadithi ya hapa. Kuna mtu mmoja, nisimtaje jina, alipata barua nzuri akaipeleka kazini kuwaonyesha wenzake wakati wa chai. Kuna mwenzao anaitwa Mwiti, Mmeru, anakaa Toongabbie, anasoma chuo jioni. Mwiti akaisoma, akacheka, kisha akaona mwenzake hacheki. Akasema, "Bro, hii si viza. Ni credit card. Wanataka ukope."

Yule mtu akasema, mbona wamesema nimekubaliwa?

Mwiti akamweleza, na hii nakuandikia ili uijue nchi hii ilivyo. Hapa kila mtu ana jina la pili asiloliona. Kuna ofisi inalitunza, haijawahi kukuona uso. Ukikimbia bili ya simu au ya umeme, wanalitia doa, na hakuna anayekuambia. Benki nayo inatazama mshahara wako unavyoingia na kodi ya nyumba inavyotoka. Wanayajumlisha hayo, wanakupa alama kama mwalimu anavyompa mtoto. Wenye alama za juu ndio wanaofuatwa na barua: umekubaliwa, chukua, kopa. "Score yako iko juu, ndiyo maana wanakutaka," Mwiti akasema. "Ungekuwa broke na madeni, hawangekuandikia."

Na yule Ogutu niliyekutajia, asiyepata barua? Binamu yake alichukua simu kwa jina lake akahama bila kulipa. Doa ndilo lililomzuia. Watu walimpa pole ya viza.

Huyo mtu sasa anaogopa. Aliandika kwenye fomu kwamba ndugu fulani anakaa naye, na hakai naye. Mwiti anasema piga simu uifunge, basi. Lakini akipiga watamuuliza kadi ya pili iko wapi, na anaona ameiandikia serikali uongo bila kujua. Mwiti anasema benki si serikali. Wewe na mimi, Yaya, tumetoka mahali ambapo karatasi zote hulala kwenye meza moja. Akiharibikiwa kwa hawa, wale wa viza nao wakasikia, je?

Kuhusu meli, wewe ndiye mkubwa, uko hapo na unaona. Sitaki kusema kitu kikaja kuwa kibaya. Maombi ya viza yenyewe hayajajibiwa, wala hayajakataliwa. Tazama hali ya Mama, uamue unavyoona.

Ila ile kadi, tafadhali.

Akilimali


Mboko, Fizi
26 Novemba 2006

Akilimali,

Tumefika salama mimi na Ornella. Ziwa lilikuwa tulivu. Ornella alitapika njia nzima.

Mama ametutoka tarehe tisa Septemba, Jumamosi, alfajiri. Kesho yake ukakaa kuniandikia hadithi ya mtu mmoja. Sikukupigia simu. Duka la Déo lina simu, na ningeweza kupanda nayo kilimani kutafuta mtandao. Lakini nilikuwa na hasira, na sikutaka nikutangazie msiba kwa mdomo wa hasira. Hilo ni kosa langu, unisamehe.

Nilijua tangu Julai. Jerotich aliikuta kadi shavuni mwa Mama, akaisoma mbele na nyuma, akakisoma na kile kikaratasi, kisha akanivuta nje. Aliniambia, "Dada, hii siyo ya kusafiri. Ni ya kukopa." Nilicheka. Sikulia, nilicheka, mpaka akanishika bega. Niliwaza Déo anavyonikopesha sukari kwa sababu benki imemwambia mdogo wangu kwamba anaweza kukopa. Yeye na hiyo ofisi yenu hawana tofauti, isipokuwa Déo ananijua sura.

Utaniuliza kwa nini sikuandika. Nilikungoja useme. Nilikuuliza nani alikusomea, ukanipa habari za baridi na magoti. Nikakuuliza kosa la herufi liko wapi, hukunijibu kabisa. Nikakuomba neno moja, ukaniletea kurasa tatu za mtu mmoja. Mtu mmoja huyo nimemlea mimi. Hata utotoni akijificha, alificha kichwa akaacha miguu nje. Jibu lako padre alilileta majina yameshafungwa. Nilijiandikisha siku ya pili baada ya mazishi, sikukungoja.

Na kulikuwa na Mama. Ungetaka nifanyeje? Niende kumwambia haendi popote, na yeye kila asubuhi anapapasa jina? Hakuwahi kusoma maishani mwake, unajua. Lakini alijifunza kwa kidole. Aliniuliza hii yenye mabonde mawili ni nini, nikamwambia ni W. Hii iliyochongoka? Ni A. Wiki ya mwisho alikuwa analisoma lote peke yake. Amekufa anajua kusoma neno moja, nalo ni jina lake.

Kwa hiyo usinidai kadi. Amekwenda nayo mkononi. Mwenye benki akiitaka, aende akaichimbe Lugufu.

Lugufu, Aki. Si Mboko. Meli ya Mei ingemfikisha kwa Baba, alikuwa bado anaketi. Hilo sitakufunikia, maana nikilifunika litaninukia mimi. Lakini sikukuchukia. Uliona neno ulilokuwa unalitafuta, na mwenye njaa akiona moshi hudhani ni chakula. Kosa lako si kusoma vibaya. Kosa lako ni siku zote zilizofuata.

Gloire ameshalima nusu ya shamba na kuhamisha mawe ya mpaka. Nusu iliyobaki tumeilima sisi, mahindi yameota. Déo nilimwachia mlango na kitanda kwa yote niliyokula kabla sijajua. Aliposikia naenda Kongo, siku hiyohiyo aliacha kuniamkia.

Nina agizo moja. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Barua ikikufuata mpaka mlangoni hukuiita, isome mpaka mwisho, na umwite mtu mwingine asome nawe.

Dada yako,
Emérance


Mount Druitt
18 Februari 2007

Yaya,

Sina salamu nzuri za kuanzia. Tuko wazima, Diane amelia sana. Tulifanya ibada ya Mama hapa nyumbani, watu wa Kongo wa Mount Druitt wote walikuja, na Ogutu alibeba viti. Nilimwomba radhi kwa ile pole. Alisema hata hakuielewa wakati ule.

Mtu mmoja ni mimi. Unajua, lakini nimeona niliandike kwa mkono wangu. Nilijua tangu Juni na niliogopa. Kwanza niliogopa karatasi, baadaye nikakuogopa wewe, na kuogopa kwangu ndiko kulikomzika Mama Lugufu. Sijui niliombee wapi msamaha huo. Naanza kwako.

Nilipiga simu benki, Mwiti amekaa kando yangu. Mama mmoja akaniuliza kadi ya pili iko wapi. Nikamwambia mwenyewe ameondoka nayo. Akauliza, overseas, yaani ng'ambo? Nikasema yes. Akasema hakuna shida, ameifunga, akauliza kama nina swali jingine. Ilikuwa fupi kuliko kuagiza chai. Miezi yote ile, Yaya, kumbe ilikuwa fupi hivyo. Wale wa viza bado hawajajibu, na sasa hawana wa kumjibu.

Jana imekuja bahasha. Nzuri kama ile ya kwanza, jina limechapwa. Si langu. Ni la Mama, kwa anwani ya hapa, niliyoiandika mimi.

Mwaka jana nilimficha Armel barua, nikisema ni mambo ya wakubwa. Safari hii nilimwita, kama ulivyoniagiza. Alinisomea yote kwa Kiingereza. Wanasema jina lake ni safi, hakuna doa, hakuna popote anapodaiwa. Ndiyo maana wamemchagua. Nikamwambia Armel sasa sema kwa Kiswahili. Alitafuta maneno kwa muda mrefu, anaangalia dari. Kisha akasema, "Bibi amekubaliwa."

Tumeisoma mpaka mwisho, nyuma na mbele, hata yale maandishi madogo ya chini. Hakuna mahali wanapouliza kama yuko hai.

Mdogo wako,
Akilimali